Safari za kujifunza elimu nje, walimu wa darasani nao waende

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la safari za kwenda kujifunza elimu nchi za watu, maana sisi walimu huku chini tunazisikia tu, tunaona picha kwenye magrupu ya WhatsApp, wakubwa wamevaa makoti mazito mbele ya shule ya Finland, wakirudi tunaitwa ukumbini tunaoneshwa slaidi, soda moja moja, imeisha hiyo.

Sipingi safari jamani. Hao Wafini wenyewe walichota mengi kwa jirani zao Sweden kabla ya kuanzisha shule yao ya miaka 9, ya watoto wote pamoja. Shida ni kwamba wanaotumwa sio wanaofundisha. Afisa akifika pale anaona watoto wanatembea na soksi darasani, chakula cha mchana bure, hakuna mtihani wa taifa mpaka mwisho wa sekondari, basi anarudi na hayo. Mwalimu wa darasa la kwanza angeuliza mengine kabisa, mwenzangu una watoto wangapi, yule ambaye hajui kusoma mpaka leo unamfanyaje na nani anakusaidia, wale watoto kila baada ya kipindi cha dakika 45 wanatoka nje robo saa, je na wewe unapumzika au ndo unasahihisha madaftari? Hayo ndo maswali ya mtu mwenye watoto zaidi ya mia chumba kimoja, wengine wamekaa chini, kama mimi.

Na wakifika wanaangalia shule ilivyo leo, hawaulizi ilifikaje hapo. Chakula cha bure kwa kila mtoto kilianza 1948, nchi ikiwa bado inawalipa Wasovieti fidia ya vita! Hiyo shule ya miaka 9 waliianzia Lapland, kaskazini kabisa kwenye baridi na vijiji vya mbali, mwaka 1972, wakashuka nayo taratibu mpaka eneo la Helsinki 1977. Mji mkuu ulikuwa wa mwisho. Huku kwetu kila kipya kinaanzia mjini, sisi wa pembezoni kinatufikia kimeshachakaa. Mwalimu wao wa msingi kusoma hadi shahada ya uzamili kulianza mwishoni mwa miaka ya 70, na matokeo ya kwanza ya PISA, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa miaka 15 wa nchi mbalimbali, yaliyowapa sifa dunia nzima yalitoka Desemba 2001, hebu piga hesabu hapo walisubiri muda gani. Tena tangu 2006 alama zao zinashuka na wenyewe wanalijadili wazi, nalo tungewauliza.

Halafu kwa nini kila siku Ulaya? Kenya hapo ni basi tu. Walibadili mtaala 2017, watoto wa kwanza wakafika darasa la 7, ambalo kwa mtaala huo ni mwanzo wa sekondari ya chini, Januari 2023, na uamuzi kwamba wasomee kwenye shule zilezile za msingi ulitangazwa Desemba, mwezi mmoja kabla, ikawa hekaheka ya maabara na walimu. Sisi tunaelekea kwenye msingi ya miaka 6, hakuna somo linalotuhusu kuliko hilo.

Ombi langu, kila msafara nusu ya nafasi wapewe walimu wa darasani, hasa wa la kwanza na la pili, wakae shule moja wiki kadhaa wafundishe pamoja na wenyeji, na ripoti iletwe mashuleni kwa Kiswahili tuisome na kuihoji, isifungiwe kabatini kwa mtu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro