Tarehe 16 ufungue simu yako

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Busia. Huku hatujambo, ila mama yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Ile karatasi ya mshahara uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Laki 8, na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, wamekata elfu 40. Unanung'unika. Hebu tupige hesabu: hizo elfu 40 ni asilimia 5 yako. Mwajiri anatakiwa kuongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, yaani elfu 80. Kila mwezi laki moja na elfu 20 kwa jina lako, na riba inakuja. Ukitoa moja unaongezewa mbili. Nani mwingine hapo Kampala atakufanyia hivyo?

Ila karatasi si pesa. Nililiendesha lori la tajiri yule miaka 11, unakumbuka. Kila mwezi alinikata. Nilipofika 55 nikaenda kudai, nikakuta akaunti ina matundu: miezi 30 na kitu hakupeleka hata shilingi. Yeye alishafunga yadi, hajulikani aliko. Na mimi miaka yote sikuuliza, niliona haya kumsumbua bosi. Haya gani hiyo, wakati jasho ni langu? Sheria inampa mwajiri siku 15 baada ya mwezi kwisha. Basi tarehe 16 fungua simu uangalie akaunti yako ya NSSF. Ukikuta pengo, uliza siku hiyohiyo, tajiri akiwa bado yupo.

Halafu uwe na fungu lako pembeni. Ya kazini imefungwa mpaka 55. Ukifika 45 na umechangia miaka 10, unaruhusiwa kuchukua asilimia 20 tu. Wewe una 26! Na wakikuachisha kazi, michango inasimama. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 mtu anaweza kuweka hukohuko NSSF kwa hiari yake. Mama yako na mandazi yake ameshaanza, elfu 5, elfu 5, kwa simu. Wewe weka elfu 30, tena kabla hujalipa kodi ya nyumba, maana baada ya kodi hutaiona.

Sako ya ofisini, kile chama cha kuweka na kukopa, si mbaya, lakini usimdhamini mtu mkopo kwa sababu mnakula pamoja mchana. Hilo nitakusimulia ukija, ni refu na linaniuma.

Idi uje na taarifa ya akaunti yako, niione mwenyewe. Mama anauliza kama blanketi lilifika.

Baba yako