Kioo cha bafuni hakifai kwenye skana ya leza

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenye kumbi, madijei na mafundi wenzangu wa Mwanza hii kuhusu taa za leza, maana naona vitu vinatupwa bado vizima na vingine vinatengenezwa hovyo mpaka vinakuwa hatari.

Kwa asiyejua, ndani ya taa ya leza inayochora maua na majina ya maharusi ukutani kuna mota mbili ndogo, kila moja ina kijikioo kwenye ncha ya shafti, hiyo seti ndo tunaiita skana. Mota hizi hazizunguki kama feni, zinacheza kushoto kulia nyuzi chache tu ila kwa kasi ambayo jicho haliifuati, ndo maana doti moja ya mwanga tunaiona kama mstari. Ukikuta imeandikwa 20K au 30K maana yake doti elfu 20 au elfu 30 kwa sekunde. Sasa kile kijikioo kimebandikwa tu kwa gundi, gundi ikichoka au boksi likidondoka wakati wa kushusha vyombo kwenye kirikuu, kinabanduka kinapasuka. Mota nzima, draiva (saketi inayoendesha mota) nzima, leza yenyewe nzima, lakini mwenye ukumbi anaambiwaga skana imekufa leta hela tununue nyingine. Haijafa! Kilichokufa ni kipande cha kioo kinacholingana na kucha.

Halafu kuna fundi wa upande wa pili, huyu hatupi kitu, anakata kioo cha bafuni anapachika na supagluu, anakurudishia jioni hiyo hiyo na unamlipa. Huyu ndo ananiumiza kichwa zaidi. Kioo cha bafuni rangi yake ya kuakisi iko nyuma, mwanga unapita kwanza kwenye glasi ndo unarudi, kidogo unarukia pale juu ya glasi, kwa hiyo ukutani unapata picha na kivuli chake. Kioo cha skana kimepakwa kwa mbele. Afu uzito. Cha skana kina unene wa milimita 1 hivi au pungufu, cha bafuni ni 3 au 4, na upana ndo balaa zaidi, ukiongeza upana mara mbili kwa urefu na unene ule ule, mzigo ambao mota inapaswa kuugeuza unapanda mara nane. Draiva ilisetiwa kwa kijikioo chepesi, ukiibebesha hicho inaanza kupiga kelele kama nyuki, kona za picha zinapinda, mota inachemka mpaka koili inaungua, hapo sasa skana imekufa kweli. Wapo wajanja wanachomoa vioo kwenye fotokopi mbovu, hivyo angalau vimepakwa mbele ila navyo ni vinene mno.

Supagluu nayo, mvuke wake unatua juu ya kioo unaacha ukungu mweupe, hasa hewa ikiwa na unyevu kama ya huku kwetu ziwani, na ikishakauka inakuwa ngumu inayokatika kirahisi kwa mtikisiko. Tumia gundi ya tyubu mbili, epoksi, kiasi cha kichwa cha kiberiti kinatosha kabisa na isiguse uso wa kioo. Kabla ya hapo toa gundi yote ya zamani kwa asetoni, sio kumwaga, chovya kijiti cha pamba na shafti iangalie chini maana ikipanda kwenye beringi inaondoka na grisi. Kuna wanaopasha gundi moto kwa soldering gun (pasi ya kuchomelea waya), jamani sumaku iko kwenye shafti hiyo hiyo, hizi za kawaida zikivuka nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu. Ukimaliza, chomoa leza, washa draiva bila kuipa picha, shafti itakaa katikati yenyewe, hapo ndo unatega kioo kwenye pembe yake. Kioo cha pili ni kirefu kuliko cha kwanza kwa sababu kinapokea mwanga ambao tayari unatembea, msivibadilishe. Kisha kiache mpaka kesho yake. Najua mteja anapiga simu ana send-off saa kumi na mbili, mwambie akaazime taa nyingine.

Na wale wenye mashine za kuchonga majina kwenye kalamu na vikombe, zenu nyingi ni leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ambayo haionekani kwa macho, kioo chake kina upako wa peke yake. Ukiweka cha taa ya disko kinakula joto kinaungua.

Kwa nini napiga kelele hivi, ni kwa sababu kioo kikichomoka katikati ya shughuli ule mwanga hauchori tena, unasimama sehemu moja. Leza ya kuanzia miliwati 500 ni daraja la 4, yaani la hatari zaidi, hata ikirukia kwenye kitu kinachong'aa bado inaharibu jicho, na kwenye harusi zetu watoto ndo wanajazana mbele ya taa kama wale wadudu wa ziwani. Kwenye kumbi za wazi kuna la nyongeza, uwanja wetu wa ndege uko hapo hapo kando ya ziwa na mwanga uliokosa mwelekeo unaweza kumfikia rubani.

Ombi langu kwa wanaoleta mizigo toka China, mnatuletea skana nzima tu, leteni na vioo peke yake, vinauzwa kwa jozi, mkileta mimi nitakuwa wa kwanza dukani. Na VETA pale Nyakato kama mna kipindi cha elektroniki ingizeni na hili, vijana wanajifunzia kwenye taa za watu.

Ni mimi fundi wa taa za shughuli,
Igoma, Mwanza