Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazieleza mtunza hazina. Mimi nitaeleza kazi yenyewe ya kufundisha kusoma na kutoa elimu ya afya katika vituo vyetu viwili vya Dar es Salaam, Tandale na Vingunguti, pamoja na jambo moja ambalo kamati ya utendaji inaomba mliamue leo.

Darasa la kusoma la Jumamosi limeendelea katika vituo vyote viwili, kwenye nafasi tulizopewa na ofisi za serikali za mitaa, ambazo tunazishukuru kwa dhati. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi wameandikishwa, lakini darasa likifurika mwalimu hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Tumewakuta watoto wa darasa la tatu wanaosoma ukurasa mzima bila kukosea, kidole kikitembea juu ya maneno. Ukifunika mistari yote na kubakiza neno moja la katikati, wananyamaza, kwa kuwa ukurasa wote wameukariri. Mtoto wa namna hii hagunduliki katika kundi kubwa. Anagunduliwa na mtu aliyekaa naye mkekani, akamsikiliza, kisha Jumamosi inayofuata akarudi yeye yule.

Darasa la jioni la watu wazima ndilo lililonifurahisha zaidi. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ungali midomoni mwa baadhi ya wazee wanaokumbuka madarasa ya kisomo, na wao ndio waliotusaidia kuwashawishi majirani wajiunge. Mama lishe mmoja aliwaeleza wenzake kwamba kila pesa ilipoingia kwenye simu yake alilazimika kumpa mtu amsomee ujumbe, na alipotaka kuitoa, kumtajia mtu huyohuyo namba ya siri. Sasa anasoma mwenyewe jina la aliyetuma, kiasi na salio.

Kuhusu elimu ya afya, kabla ya masika wajumbe wetu walipita nyumba kwa nyumba wakieleza umuhimu wa kuchemsha maji ya kunywa na hatari ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Waliouona mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 hawahitaji maelezo marefu. Hata hivyo, katika nyumba za kupanga, ambako familia kadhaa hutumia choo kimoja, mpangaji hana uamuzi juu ya choo hicho, na kwa maoni yangu kumwelimisha yeye peke yake ni kupoteza muda. Ndiyo maana tulianza kukaa na wenye nyumba, mjumbe wa shina akiwapo, kuzungumzia namna ya kuchangia gharama za kunyonya majitaka. Wapo waliokubali; ambao nyumba zao ziko ndani ya vichochoro visivyopitika kwa gari bado hatujawapatia jibu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wanaojitolea wamekuwa wakikosekana, hasa wakati wa mitihani ya vyuo na wakati Mto Msimbazi unapofurika na barabara kufungwa pale Jangwani. Tulipowauliza, wengi walitaja nauli, kwani anayetoka Mbagala au Kigamboni hubadilisha magari kwenda na kurudi, na wengine hawana kipato. Mtoto aliyeanza kumzoea mtu mmoja akiletewa mwingine kila mara, huacha kuja, na hilo tumeliona katika vituo vyote viwili.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fungu la sherehe ya mwaka lihamishiwe kwenye nauli za wanaojitolea, na ombi la kufungua kituo cha tatu, ambalo tunaliheshimu sana, lisubiri hadi vituo vilivyopo vipate watu wa kudumu. Najua baadhi yenu mnaona kwamba kupanuka ndiko kukua. Naomba mkutano upokee taarifa hii, ujadili mapendekezo hayo mawili, kisha uyapigie kura moja moja.

Mwenyekiti