Kero zetu ziandikwe, kisha tusomewe majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu mikutano ya mtaa, hasa daftari linalowekwa pale mezani.

Jumamosi iliyopita kipaza sauti kilipita tangu asubuhi kikitutangazia tufike ofisi ya serikali ya mtaa, kuna kusikiliza kero. Tukaenda, viti vikajaa, wengine wakasimama chini ya mwarobaini. Daftari likazungushwa: jina, namba ya simu, sahihi. Kisha tukaruhusiwa kusema.

Mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na kalavati alisimama na mtoto mgongoni. Akaeleza kuwa mvua ikianza tu, wenye nyumba za juu wanatapisha vyoo, na yote hayo yanashuka kwenye mtaro uliojaa mchanga mpaka yanafurika mlangoni kwake. Asubuhi anazoa kwa koleo ndipo awashe jiko. Hakupaza sauti. Ilikuwa mara ya tatu anayasema hayo mbele ya mkutano. Mimi nilikaa benchi la mbele, nikatazama meza kuu: daftari limefungwa, kalamu imelala juu yake. Mahudhurio yetu yaliandikwa, maneno ya yule mama hayakuandikwa.

Akajibiwa vizuri, kwa heshima: "Tumelipokea, tutalifikisha." Litafikishwaje, Mhariri, ikiwa halipo kwenye karatasi?

Nauliza kwa sababu niliwahi kwenda kusikiliza kikao cha baraza la madiwani. Baraza hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia, lakini anayesema ni diwani. Sina ugomvi na utaratibu huo. Diwani anabeba yaliyotoka kamati ya maendeleo ya kata, na kata inapokea kutoka mitaani. Siku ile nilikaa mpaka kikao kikafungwa na mtaro wetu haukutajwa hata mara moja. Nje nikamsalimu diwani wetu na kumuuliza. Akaniambia hajapata maandishi yoyote kuhusu mtaro huo. Namwamini, maana nililiona lile daftari.

Wazee wa hapa mjini wanakumbuka mabaraza ya miji yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huduma zikadorora, mitaro ikaziba, kipindupindu kikatutembelea, na mwaka 1978 mabaraza yakarudishwa mijini. Leo Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa mkazi wa bondeni, madaraka hayo yanaanzia kwenye mkutano wa mtaa, kwa sababu hapo ndipo pekee anaposimama akasema kwa kinywa chake.

Ninachoomba hakihitaji fedha. Kila mkutano awepo mtu wa kuandika kero, aliyeisema na tarehe. Muhtasari ugongwe mhuri, nakala moja iende kata, nyingine ibandikwe ubaoni pale ofisini. Na mkutano unaofuata, kabla ya ajenda mpya, tusomewe yale ya mara iliyopita: hili limefika kata, hili lipo kwa mhandisi, hili limekataliwa. Hata jibu likiwa "mwaka huu fungu hakuna" tutalipokea, sisi ni watu wazima. Kinachotuchosha ni kuanza upya kila mara kana kwamba hatujawahi kusema.

Mikutano pia iitwe mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kero inayosemwa Mei, maji yakiwa magotini, inakuta halmashauri imeshapitisha bajeti yake.

Na sisi wakazi tuna sehemu yetu. Wengi tuliondoka mara tu ilipotajwa ajenda ya mapato na matumizi, nami nimewahi kufanya hivyo. Tukae tusikilize mpaka mwisho. Wanaotapisha vyoo nao tunawajua, ni majirani zetu, na hakuna aliyetaja nyumba hata moja siku ile.

Nimeshanunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza nimeandika kero ya mtaro kama alivyoieleza yule mama, naye ameisoma na kutia sahihi. Mkutano ujao nitaipeleka meza kuu nimwombe mtendaji aigonge mhuri.

Mkazi wa bondeni,
Dar es Salaam