Mwalimu mkuu akikusema mbele ya wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la wakuu wa shule, maana kila tukiongelea hali ya walimu tunaishia kwenye mshahara na msongamano wa wanafunzi. Ni kweli hayo yanaumiza, ila kuna jambo lipo palepale shuleni na wala halihitaji bajeti, nalo ni namna mkuu anavyoishi na walimu wake.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa anasoma majina ya walimu waliochelewa, paredi, wanafunzi wote wanasikia. Siku moja akamsoma mwenzetu wa hesabu, mtu mzima, kachelewa dakika kumi anatoka kulaza mtoto hospitali, nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega nikaona alivyoibana chaki mpaka ikamkatikia mkononi. Aliingia darasani akafundisha. Ila kuanzia siku ile akawa anamaliza vipindi vyake anaondoka, habari ya kubaki jioni na wale wanaosuasua ikafa. Hasara kaipata nani?

Na zile meseji za saa nne usiku kwenye grupu la wasapu, "kesho saa moja kamili maandalio yote mezani kwangu", jamani mtu unalalaje?

Aliyefuata naye alikuwa mkali, msinielewe vibaya, maandalio alikagua na darasani aliingia kukuangalia unavyofundisha. Lakini ukikosea anakuita ofisini, anafunga mlango, mnaongea yanaisha. Zamu tulipanga naye kikaoni. Siku nimepigiwa simu mama kazidiwa akaniambia "mwalimu nenda, hicho kipindi nakishika mimi", na akaingia kweli. Mzigo wa kazi ulikuwa uleule, ila asubuhi nilikuwa naamka na hamu ya kwenda.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliitambua hali hii ya kuchoshwa na kazi, likasema sio ugonjwa, inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa: nguvu zinaisha, moyo unajitenga na kazi, ufanisi unashuka. Nikisoma hayo namuona yule mwalimu wa hesabu.

Kwa hiyo wanaoteua wakuu nawaomba sana, wasiangalie matokeo ya mtihani peke yake, wawaulize na walimu kwa karatasi isiyo na jina, halafu wahesabu ni wangapi wameomba uhamisho chini ya mkuu huyo.

Mwalimu, msomaji wenu