Ahadi za misibani zichapishwe tena mwaka ukiisha

Mhariri,

Mimi hukodisha hema, viti na spika za mazishi hapa Subukia, na kazi hunifikisha hadi Solai na Bahati. Anayekaa kwenye mitambo husikia hotuba neno kwa neno, hata pale waliofiwa wanapolia wasisikie lolote. Nimezisikiliza nyingi, na nina ombi kwa gazeti lenu.

Hotuba ya mwanasiasa baada ya mkasa ina mpangilio wake. Huanza kwa kutambua waheshimiwa waliofika, mmoja baada ya mwingine. Huja pole, kisha "kazi ya Mungu haina makosa", kisha "sisi sote tuwajibike". Anaahidi uchunguzi wa kina na kwamba serikali itagharamia mazishi. Baada ya hapo anamgeukia mpinzani wake, na sauti inapanda hadi nalazimika kuipunguza. Msemaji wa familia huitwa mwishoni na kuombwa awe mfupi.

Pole siipingi. Mtu aliyezika watoto wake hufarijika kuona viongozi wamefika. Wala simpingi Mungu, maana mimi ni mzee wa kanisa. Kinachoniuma ni jina lake kutumiwa kuwaficha watu. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel kule Solai lilibomoka, maji yakasomba nyumba za vijiji vya Nyakinyua na Energy na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto. Bwawa lile lilikuwa ndani ya shamba la mtu binafsi, juu ya makazi ya watu. Lilikuwa na mwenyewe, na wapo maafisa waliolipwa mshahara wakague mabwawa. Kiongozi akishasema ni mapenzi ya Mungu, hao wote wametoka kwenye habari. Na akisema "sisi sote", mama aliyekuwa amelala na wanawe anatiwa kapu moja na afisa ambaye hakuja kukagua.

Yawezekana kusema vingine. Machi 15, 2019, mtu mwenye bunduki alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, na watu 51 wakafa. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alijitanda mtandio, akawakumbatia waliofiwa, akaomboleza nao. Lakini kesho yake tu alikuwa ameshatamka kwamba sheria za bunduki zitabadilishwa. Kufikia Aprili 10 Bunge lilikuwa limepitisha sheria hiyo. Machozi yake hayakupungua thamani kwa sababu alitaja kilichofaa kurekebishwa.

Kwetu pia hatua zikichukuliwa tunaziona. Lori la mafuta liliwaka Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 wakafa. Barabara hiyo hiyo iliendelea kuua, hadi basi na lori vilipogongana Migaa Desemba 31, 2017, wakafa zaidi ya 30. Ndipo vikajengwa vizuizi vya kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Ni miaka mingapi ya rambirambi ilipita katikati?

Ombi langu ni hili. Kiongozi akihutubia msibani, chapisheni ahadi zake zote, pamoja na tarehe na cheo chake. Mwaka ukiisha, zichapisheni tena kwenye ukurasa ule ule, na kando ya kila ahadi muandike kilichofanyika. Na waandishi wenu wanaofika mazishini wamuulize kabla hajapanda gari: nani alipaswa kukagua, na alikagua lini mara ya mwisho?

Mnaweza kuanza na Mai Mahiu. Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia usiku na kuwaua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wa kijiji cha Kamuchiri. Yaliyoahidiwa wiki ile yamo kwenye hifadhi ya gazeti lenu.

Mkodishaji wa hema na spika,
Subukia, Kaunti ya Nakuru