Mhariri, ile habari imeishia wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Nimeuza magazeti Manzese Darajani, kando ya Barabara ya Morogoro, tangu mwaka 1998 mpaka magoti yaliponigomea. Meza sasa anayo kijana wangu. Sikusomea uandishi, ila gazeti lako nimelibeba begani alfajiri nyingi wewe ukiwa bado umelala, kwa hiyo nadhani nina haki ya kulalamika.

Lalamiko langu ni moja: mnatuanzishia habari, hamtumalizii.

Mteja akifika mezani huuliza, "Leo kuna nini?" Hilo nilikuwa namjibu kwa kidole tu. Akishasoma vichwa vyote bure, mikono nyuma kama mkaguzi, huuliza la pili: "Hivi ile ya wakati ule imeishia wapi?" Hapo nilikuwa najifanya natafuta chenji.

Nikupe mfano wa ile iliyoniingia mpaka nyumbani. Mwaka 2006 mvua ziligoma, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka, tukaingia kwenye mgawo wa umeme. Mama watoto alikuwa na friza anauzia barafu na juisi ya ubuyu. Mgawo ulipokolea friza ikageuka ghala: tukahifadhi unga humo, maana panya hawezi kufungua mfuniko. Ndiyo faida pekee tuliyoipata.

Serikali ikatutangazia kwamba kampuni ya Richmond kutoka Houston, Marekani, inaleta mitambo ya dharura ya megawati 100. Mkataba ukasainiwa Juni mwaka huo. Muda wa mitambo kufika ukapita, mitambo hatukuiona. Baadaye mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na hesabu iliyokuwa ikitajwa kila mahali ni shilingi milioni 152 kwa siku, mitambo iwake isiwake. Mimi megawati sikuzijua, lakini milioni 152 kwa siku niliijua. Niliipima kwa barafu za mke wangu nikaacha, nilikuwa naumwa kichwa.

Magazeti machache ndiyo yaliyong'ang'ania. Nayakumbuka kwa sababu maswali yao yalikuwa mepesi, hata mimi ningeweza kuyauliza: kampuni hii imesajiliwa wapi? Imewahi kufua umeme nchi gani? Nani aliipitisha wakati wataalamu wana mashaka nayo? Mwaka 2007 TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ikatoka ikasema haikuona rushwa. Wateja wangu wengi wakadhani ndiyo imekwisha. Waliokuwa wanauliza hawakunyamaza, na Novemba ya mwaka huo Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe.

Mojawapo ya magazeti hayo, MwanaHalisi, lilikuwa likitoka Jumatano. Nilikuwa na wateja watatu, watumishi wa serikali, waliotaka niwakunjie ndani ya Uhuru, gazeti la chama tawala. Walilipa magazeti mawili wasome moja. Mmoja alikuwa akiniachia Uhuru palepale, nikaliuza tena. (Mungu anisamehe, na Uhuru pia.)

Januari 5, 2008, watu waliingia katika ofisi za gazeti hilo Kinondoni, wakammwagia mkurugenzi wake Saed Kubenea tindikali usoni na kumcharanga mapanga mwandishi mkongwe Ndimara Tegambwage. Kubenea akapelekwa India kutibiwa macho. Gazeti lilipotoka tena nilisita kulitundika kwenye kamba. Nililiweka chini ya mengine, nikalikandamiza kwa jiwe, nani ajuaye anayepita. Kufika saa mbili asubuhi nilikuwa nimebaki na jiwe.

Februari 6 kamati ikasoma ripoti yake Dodoma. Kesho yake, Alhamisi, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaondoka. Tulitazama moja kwa moja kwenye luninga ya saluni ya jirani. Kinyozi alisimama na mashine inanguruma hewani, mteja kanyolewa upande mmoja, na hakuna aliyelalamika. Ijumaa niliongeza nakala mara tatu na hazikufika saa tatu.

Siku ile watu walisema gazeti limemwangusha waziri mkuu. Mimi niliyeyauza sikubaliani nao sana. Gazeti halina mamlaka ya kumwita mtu aapishwe, wala kudai mkataba uletwe mezani. Kamati ilikuwa nayo. Kazi ya magazeti ilikuwa kuliweka swali hai kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka Bunge likaona aibu kulikwepa. Tena tusidanganyane: pale mezani tulijua gazeti lipi ni la kundi gani, na lipi limeletewa faili na mahasimu. Sioni ubaya faili kuletwa, mradi mwandishi akalikague karatasi kwa karatasi kabla ya kuniletea mimi nilipigie kelele barabarani.

Sasa, imeishia wapi? Novemba 2010 wasuluhishi wa kimataifa wakaamua TANESCO, shirika letu la umeme, iilipe Dowans takriban shilingi bilioni 94 kwa kuvunja mkataba ule. Mtu aliyesoma habari ya mwaka 2008 akadhani taifa limeshinda, hiyo ya 2010 ilimpita.

Julai 2012 serikali ikalifungia MwanaHalisi kwa muda usiojulikana. Ilichukua mpaka 2015 mahakama kusema hatua hiyo haikuwa halali. Oktoba hiyohiyo ya 2015 nikasimama kwenye foleni ya kura. Mgombea urais wa Chadema: Edward Lowassa. Mgombea ubunge wa Chadema jimboni kwetu Ubungo: Saed Kubenea. Nilikaa na karatasi zile mbili ndani ya kile kiboksi cha kupigia kura mpaka msimamizi akakohoa. Nilivyopiga ni siri yangu, ila Kubenea alishinda akawa mbunge wangu. Septemba 2017 MwanaHalisi likafungiwa tena, miaka miwili, na waziri wa habari wakati huo alikuwa nani? Mwakyembe, yuleyule wa kamati. Leseni ikarudishwa Februari 2022, wateja wangu watatu wote wamekwishastaafu.

Lowassa alirudi CCM Machi 2019 na akafariki Februari 10, 2024. Sisemi marehemu asemwe vibaya, na haki yake apewe: alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo lile. Basi ilikuwaje? Alionewa, au alikingiwa kifua? Gazeti nililosoma juma la msiba lilikuwa na kurasa sita juu yake, na Richmond ilipewa aya mbili.

Escrow nayo, ile ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, ni hivyohivyo. Mwishoni mwa 2014 iliuza mpaka nikanunua baiskeli. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri wa ardhi akaondolewa, Januari 2015 waziri wa nishati akafuata, na sisi tukabaki na msemo wa hela ya mboga. Watuhumiwa wawili walipandishwa mahakama ya Kisutu Juni 2017. Walipotoka mwaka 2021, mmoja kwa makubaliano na upande wa mashtaka na mwingine baada ya kufutiwa, habari ilikaa ukurasa wa ndani, karibu na matangazo ya vifo.

Na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali? Kila Aprili mnatupa wiki mbili za mabilioni, "yayeyuka", "yaliwa", "yapigwa", kisha kimya mpaka Aprili nyingine. Wakati huo mkurugenzi wa halmashauri aliyetajwa anajua kabisa akivumilia siku kumi na nne amepona.

Ninachoomba ni kijisafu kimoja kila Ijumaa. Kiiteni "Imeishia Wapi". Chukueni habari moja tu mliyoipamba ukurasa wa mbele miaka miwili, mitano, kumi iliyopita, mtuambie: tuhuma ilikuwa nini, fedha kiasi gani, nani aliwajibika, kesi ilifikia wapi, zimerudi shilingi ngapi. Kama mtu mlimchafua na ikaja kuonekana hana hatia, semeni kwa herufi zilezile kubwa. Gharama yake ni mwandishi mmoja mvumilivu na nauli ya daladala mpaka Kisutu. Najua habari ya namna hiyo haiuzi kama ile ya kwanza. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nauza, na nakuhakikishia lile swali la pili liliulizwa kila siku ya Mungu.

Wiki iliyopita nilimpelekea kijana chai mezani. Akaja mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu tangu enzi za mgawo, akasoma vichwa vyote, mikono nyuma, kisha akanigeukia: "Mzee mwenzangu, hivi wale wa Richmond, walirudisha hata senti?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Ukijibu, mwalimu hupita saa moja na nusu.

Muuza magazeti mstaafu,
Manzese Darajani,
Dar es Salaam